Nyumba ya urithi kugeuzwa fleti Miembeni: ni pingamizi gani la wakaazi litakalosikilizwa?

Mkaazi wa Uchochoroni

Assalaamu alaykum. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa mambo ya ardhi, ujenzi na sheria, katika jambo lililowagawa majirani wa mtaa wetu wa Miembeni, hapa mjini Zanzibar, na ambalo, kwa ninavyosikia, linatokea pia Kikwajuni, Mwembetanga na kwengineko Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe.

Uchochoroni kwetu kuna nyumba ya Kiswahili ya zamani, yenye baraza mbele, ukumbi wa katikati, vyumba sita na ua mpana wenye kisima. Mwenye nyumba alipofariki, warithi wake, ambao baadhi yao wanaishi Dar es Salaam na Muscat, walikubaliana kuiuza, isipokuwa binti mmoja ambaye hadi leo anasema hakutia saini. Mnunuzi, kwa mujibu wa mafundi waliokuja kupima, anakusudia kuubakiza ukuta wa mbele, kuujengea ua wote na kupandisha ghorofa tatu juu yake ili apate fleti tisa, za chini zikapangishwa kwa mwezi na za juu kwa siku, kwa wageni.

Tangu habari hiyo ienee kila mmoja wetu amekuja na pingamizi lake. Kina mama wanasema kwamba nyua zao zote, mahali wanapopikia, wanapoanika nguo na wanapokaa bila ya buibui, zitakuwa chini ya macho ya watu wa juu. Wazee wanahofia karo, yaani shimo la maji machafu, na visima. Vijana wanalalamikia maegesho, ingawa uchochoro wetu haujawahi kuingia gari. Wapo pia wanaosema kwa jumla tu kwamba fleti zinaleta watu wasiojulikana, hoja ambayo mimi binafsi inanitia shaka, kwa sababu nusu ya wanaoisema walilelewa katika nyumba za maendeleo, yaani fleti za Serikali, pale Michenzani.

Sheha wetu, kiongozi wa Serikali hapa mtaani, ametusikiliza kwa heshima, lakini amesema kwamba kibali cha ujenzi si chake kukitoa wala kukizuia. Tunataka kuandika barua moja yenye saini za majirani wote, na ninaogopa tukiandika kila kitu barua itatupwa, na tukiandika kidogo tutajuta. Katika hoja hizi, ipi ina nguvu mbele ya wanaoamua, na ipi ni bora tuiache? Na je, kuna mtu aliyewahi kuwa upande wa pili, yaani aliyejenga, atueleze ni jambo gani la majirani lililomfanya abadilishe ramani yake?

Ramani

Waalaykumu ssalaam bibi. Nimefanya kazi za mipango miji kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nimeona barua nyingi za aina hii. Nyingi hushindwa kwa sababu zinapinga fleti badala ya kupinga ramani.

Anzeni kwa kukubali jambo moja ambalo mwenye kuamua analijua na nyinyi mkilificha mtaonekana hamsemi kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 893,169 katika mkoa huo huo. Hao laki tatu kasoro wachache wamelala wapi? Sehemu kubwa wamekwenda kwenye viwanja vya pembezoni, katika wilaya za Magharibi A na Magharibi B, mahali palipokuwa mashamba ya minazi na mihogo, na kila nyumba ya chini inayojengwa huko inakula ardhi ya kilimo na kuongeza safari ya asubuhi ya kuja mjini. Kwa hiyo afisa wa mipango akisoma sentensi ya kwanza ya barua yenu na kuona "hatutaki ghorofa", ataiweka chini, maana yeye ameelekezwa kuujenga mji kwenda juu. Hata mpango wa eneo lenu ulioandaliwa chini ya jina la Ng'ambo Tuitakayo haukuwa mpango wa kuigandisha Ng'ambo ibaki na mabati yake, bali ulikusudia ijengeke zaidi bila ya kupoteza sura, mabaraza na vichochoro vyake. Someni mpango huo kabla ya kuandika, kwa sababu utawapa maneno ambayo Serikali yenyewe imeyatumia.

Hoja yenye nguvu ni ile inayouliza: kibali kilichoombwa ni cha nini? Hapa kwetu udhibiti wa ujenzi una mizizi katika Dikrii ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1955, na tangu wakati huo mtu anayetaka kujenga huwasilisha ramani na kueleza matumizi ya jengo. Mnunuzi anayebakiza ukuta wa mbele mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu anataka kazi yake iitwe ukarabati. Nyumba ya familia moja inayokuwa jengo la kaya tisa si ukarabati, hata ukuta wa mbele ukibaki pamoja na mlango wake. Nendeni Baraza la Manispaa la Mjini mkaulize kwa maandishi aina ya kibali, idadi ya ghorofa zilizoombwa na matumizi yaliyotajwa, na nakala mpeleke kwa diwani, ambaye tofauti na sheha amechaguliwa na nyinyi na anaingia katika vikao vya baraza hilo. Kama ramani inasema makaazi na mwenyewe anakusudia kulaza wageni kwa siku, basi hapo pana suala jengine, kwa sababu biashara ya kulaza watalii inasimamiwa na Kamisheni ya Utalii na haitakiwi kuingia kimya kimya kupitia mlango wa makaazi.

Andikeni kabla ya msingi kuchimbwa. Nguzo zikishasimama, kila ofisi itakwambieni kwamba mtu ameshatia mamilioni yake, na huruma itahamia kwake.

Mji huu umepangwa na Mwingereza Lanchester mwaka 1923, na mwenzake Kendall mwaka 1958, na Wajerumani Mashariki mwaka 1968, na Wachina mwaka 1982, na bado mabishano yetu makubwa hubaki ni ya dirisha la jirani na maji ya karo. Msione haya kuyaandika hayo mawili. Ndiyo mambo yenyewe.

Fundi wa Kikwajuni

Namuunga mkono mzee Ramani, na mimi nitasema ya ufundi tu, kwa kuwa hayo ndiyo niliyoyasomea na ndiyo yanayonilisha.

Kwanza ukuta. Nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa kidogo, juu ya msingi usio na chuma, na ukuta ule ulikusudiwa kubeba paa la bati au la makuti na si kitu chengine. Huwezi kupandisha ghorofa tatu juu yake. Mjenzi mwenye akili atachimba nguzo mpya ndani ya nyumba na kuuacha ukuta wa mbele usimame kama pambo. Kuchimba mashimo ya nguzo karibu na msingi wa jirani, ambao nao ni wa mawe na udongo na pengine unachangia ukuta huo huo, ndiyo khatari kubwa kuliko zote na sijaona ikitajwa katika orodha ya pingamizi zenu. Kabla ya mtu kutia jembe chini, kila jirani anayepakana na nyumba hiyo apige picha za kuta zake ndani na nje, zenye tarehe, na mhandisi wa mjenzi atie saini kwamba ameziona nyufa zilizokuwapo. Ufa ukija baadaye, hakutakuwa na ubishi wa kwamba ulikuwapo tangu enzi za babu.

Pili maji safi. Tuseme kila fleti ina watu wanne. Hao ni watu 36. Ukikisia lita 80 kwa mtu kwa siku, jengo litataka karibu lita 2,900 kila siku, katika bomba la mtaa ambalo lilikuwa likiihudumia nyumba ya watu wanane. Mwenye jengo atafanya wanavyofanya wote: atafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la Mamlaka ya Maji na kuvuta, na majirani wa mwisho wa uchochoro watafungua mfereji na kusikia upepo. Dawa yake inajulikana, nayo ni tangi la chini linalojazwa na maji yanayokuja yenyewe, kisha pampu ivute kutoka kwenye tangi kwenda juu. Takeni lioneshwe kwenye ramani. Na matangi ya juu yahesabiwe, kwa sababu lita 5,000 za maji ni tani tano zinazokaa juu ya vichwa vya watu.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, ni karo. Maji yote yanayoingia katika jengo yatatoka. Mitaa mingi ya Ng'ambo haina mtaro wa pamoja wa maji machafu, kila nyumba ina karo lake, na mengi ya makaro hayo hayana sakafu; maji yanazama chini yenyewe. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango madogo, ambalo halichuji maji kama unavyochuja mchanga mzuri, linayapitisha tu. Karo la watu wanane katika ua mpana lilikuwa na nafasi ya kupumua. Karo la watu 36 ambalo ua wenyewe umejengewa, na limefukiwa chini ya sebule ya fleti ya chini, litajaa kila mara, na gari la kunyonya halifiki kwa sababu uchochoro ni mwembamba, na bomba lake refu la kunyonyea lina mwisho wake. Nimeshaitwa katika jengo ambalo wapangaji wa chini walihama kwa sababu chemba ilikuwa ikifunguka yenyewe kila inaponyesha masika. Visima vya majirani vipimwe sasa, kabla ya ujenzi, ili kuwe na kipimo cha kulinganisha. Na kisima kilichomo ndani ya ua huo kisifukiwe kwa kifusi cha ujenzi wala kisigeuzwe karo, jambo ambalo nimeona likifanywa na watu wanaojua vyema wanachokifanya.

Umeme sina wasiwasi nao sana. Kila fleti itafungwa mita yake ya Tukuza, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, na atakayeishiwa atajijua.

Mrithi

Nimesoma yote kwa makini na nitazungumza kama mtu wa upande wa pili, kwa kuwa dada yetu ameuliza. Sisi tuliigeuza nyumba ya baba yetu kuwa fleti, katika mtaa usio mbali na huko kwenu, na tulipingwa na majirani waliotulea.

Baba alituacha mama, sisi wanaume wawili na dada zetu watatu. Kwa hesabu ya mirathi, mama alikuwa na thumuni yake, kila dada akapata thumuni moja, na sisi kila mmoja thumuni mbili, na nane ikatimia bila ya sehemu kubaki. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu nzuri mno. Kwenye nyumba ya vyumba sita, yenye choo kimoja na jiko la uani, haikugawika. Dada mmoja alikuwa na mgonjwa na alitaka fedha. Mwengine alitaka chumba chake akifunge kwa kufuli hata kama haji. Mimi nilitaka kupangisha. Mama alitaka kufia pale walipozaliwa watoto wake. Tungeuza, kila mmoja angeondoka na fungu lake, na mama angehamia chumba cha uani kwa mtoto mmojawapo. Tulipojenga ghorofa mbili juu, mama akabaki chini na mlango wake wa barazani, na kila mrithi akapata fleti au kodi. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema fleti zinavunja familia, mimi najiuliza ni familia ipi wanayoikusudia, kwa kuwa yetu ilikuwa inavunjika kwa sababu hatukuwa nazo.

Na niseme jambo ambalo pengine halitapendeza. Majirani wanapenda nyumba ya urithi ibaki kama ilivyo maadamu gharama ya kupaka chokaa na kubadilisha bati si yao. Waliotia saini kutupinga, hakuna aliyekuja kabla ya hapo kusema, "Tutachanga tununue fungu la dada yenu ili msilazimike." Tulipokwama miaka yote ile, paa likivuja, hakuna aliyeuita ule mtaa urithi wa pamoja.

Lakini uliuliza ni kitu gani kilitufanya tubadilishe ramani, na nitakujibu kwa haki. Barua yenye saini nyingi haikutubadilisha. Ilitukasirisha, kwa kuwa ilitushutumu kwa kuleta uhuni kabla hatujapata hata mpangaji mmoja. Kilichotubadilisha ni bibi mmoja jirani, mtu mzima, aliyemwita mama uani kwake, akamkalisha kwenye kibao cha mbuzi pale anapokunia nazi, akamwambia atazame juu na aseme madirisha yetu yatakuwa wapi. Mama alirudi nyumbani na kusema kwamba upande ule hautakuwa na madirisha ya vyumba, basi. Tukaweka upande ule ngazi na vyoo, vyenye matundu ya hewa ya juu, na vyumba vikatazama uchochoro. Tulipoteza chumba kimoja katika kila ghorofa.

Tofauti yetu na kesi yenu naiona. Sisi tulikuwa wenyewe tunaokwenda kuishi pale, na mama yetu alikuwa anakutana na wale majirani kila siku. Mnunuzi wa kutoka mbali hana mama barazani. Kwa hivyo kama mnataka kufanikiwa, wafuateni wale warithi, walioko Muscat na walioko Dar es Salaam, kabla hawajapokea fedha zote, maana wao bado wanalijali jina la baba yao mtaani. Mnunuzi mwambieni ya karo. Warithi waambieni ya nyua.

Mwanafunzi wa Fiqhi

Naomba kuongeza kuhusu yule binti ambaye hakutia saini, kwa sababu naona ametajwa mara moja na kuachwa, na huenda yeye ndiye mwenye haki iliyo wazi kuliko majirani wote.

Mrithi ni mshirika katika kila jiwe la nyumba kwa kiasi cha fungu lake mpaka mgawanyo ufanyike. Ndugu zake hawawezi kuuza fungu lake bila ya idhini yake. Zaidi ya hayo, kwa fungu ambalo ndugu zake wameliuza kwa mtu wa nje, fiqhi inampa mshirika haki ya shufaa, yaani kulichukua fungu lile kwa bei ile ile iliyouzwa, kwa sharti la kuidai bila ya kuchelewa pale anapopata habari. Watu wengi mitaani hudhani kwamba jirani naye ana shufaa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Unguja na Pemba, shufaa ni ya mshirika tu. Jirani anaipata katika madhehebu ya Hanafi. Basi majirani msiandike shufaa katika barua yenu, lakini mwambieni huyo binti aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na kwa Kadhi haraka, kwa kuwa kila siku anayokaa kimya inamdhoofisha.

Kuhusu madirisha, wanavyuoni wetu wamempa mwenye milki nafasi pana ya kuitumia milki yake kwa namna iliyozoeleka, na hapo desturi ya mahali inaingia kuwa kipimo. Iliyolizungumza suala hili kwa uwazi ni Majalla, sheria iliyokusanywa na Dola ya Uthmaniya baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi. Humo kuonekana kwa mahali pa wanawake, na pametajwa jiko, kisima na ua, kumehesabiwa kuwa ni dhara iliyopita kiasi, na mwenye jengo huamrishwa aiondoe, ama kwa ukuta au kwa kizuizi cha mbao. Lakini halazimishwi kuliziba dirisha lenyewe. Majalla haikuwa sheria ya kwetu, na sisemi muipeleke mahkamani. Ninaitaja kwa sababu suluhisho lake ni la kiungwana: nuru na hewa vinabaki kwa mwenye jengo, na sitara inabaki kwa jirani.

Wa Madungu

Mimi natoka Chake Chake na nimekulia katika fleti za Madungu, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Pemba tunazo fleti za Serikali tangu zamani, Madungu hapa, Mtemani kule Wete, na kwengineko, na waliozipinga na waliozisifu wote wamezeeka humo. Tatizo letu halikuwa majirani. Lilikuwa ngazi. Taa ya ngazi ni ya nani, bomba la kati likipasuka anaita fundi nani, paa linalovuja linamhusu wa juu peke yake au hata wa chini?

Kama mnunuzi wenu atauza fleti zile moja moja badala ya kupangisha, Zanzibar tunayo Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2010, inayomwezesha mtu kumiliki sehemu yake ndani ya jengo huku ngazi, paa na uwanja vikiwa vya wote pamoja. Muulizeni mapema ikiwa ataandikisha jengo hilo kwa njia hiyo na nani atasimamia vya pamoja, ikiwemo karo ambalo Fundi amelieleza. Jengo lenye wenyewe tisa na msimamizi asiyejulikana ndilo litakalowatesa, hata likiwa na madirisha yenye adabu.

Mkaazi wa Uchochoroni

Nakushukuruni nyote. Nimekaa na kina mama wa uchochoroni na wazee wawili, na tumesoma majibu haya kwa sauti, isipokuwa sehemu ya Mrithi kuhusu chokaa na bati, ambayo niliisoma kwa sauti ya chini kidogo.

Tumeamua kuyaondoa maegesho na maneno yote ya watu wasiojulikana. Barua ya Baraza la Manispaa itauliza aina ya kibali na matumizi, kisha itataka mambo ya kiufundi: tangi la chini, karo lenye sakafu na mahali pa kufikiwa, uthibitisho wa mhandisi kuhusu kuchimba karibu na misingi yetu, na upande wa nyua usiwe na madirisha ya vyumba. Ghorofa tatu hatutazipinga kwa idadi yake. Wazee hawakuridhika na hili la mwisho, na mmoja amesema atatia saini lakini moyo wake hautatia. Yule binti amekwenda Kamisheni ya Wakfu pamoja na mjomba wake. Warithi wa Muscat wamepigiwa simu na mzee wa msikiti, na mkubwa wao amesema hakuwa anajua kwamba ua wote unajengewa. Alidhani nyumba inaongezwa vyumba.

Limebaki swali moja kwa Fundi. Mafundi wa mnunuzi wamesema kwamba kama tunahofia karo, wao wataunganisha mabomba yao kwenye msingi, yaani mtaro, wa maji ya mvua unaopita nyuma ya mtaa. Je, hilo linakubalika?

Fundi wa Kikwajuni

Halikubaliki hata kidogo, na walipolisema wamekusaidieni. Msingi ule ni wa mvua na unakwenda baharini. Wakati wa kiangazi hauna maji ya kusukuma chochote, kwa hivyo kinyesi cha watu 36 kitakaa humo humo nyuma ya nyumba zenu, na masika yakija kitapanda pamoja na mafuriko hadi mabarazani. Waambieni waliandike pendekezo hilo na walitie saini, kisha mlipeleke kama lilivyo kwa Manispaa na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Na wakikataa kuliandika, mliandike nyinyi, na majina ya waliokuwapo walipolitamka.

Karo la kaya tisa liwe na vyumba viwili au vitatu vilivyojengwa kwa zege na kusakafiwa, na mfuniko wake uwe mahali ambapo bomba la gari la kunyonya linafika kutoka barabara kubwa. Pimeni kwa kamba kutoka barabarani hadi uani kabla ya kikao, mkawaulize wenye magari ya kunyonya urefu wa mabomba yao. Ikiwa haifiki, basi sehemu ya mbele ya kiwanja lazima iachwe kwa ajili ya karo, na fleti moja ya chini itapungua.